Dayalisisi ya tumbo: maswali tunayoulizwa, na kwa nini huduma hii ni adimu kwetu

Ukikaa asubuhi moja kwenye benchi la kliniki ya figo, iwe Dar es Salaam au Mombasa, utasikia neno "mashine" mara nyingi kuliko neno "figo". Nani kapata nafasi ya mashine, mashine ipi imeharibika, nani kakosa nauli ya kuifuata mashine. Njia ya pili ya dayalisisi, yaani ya kusafisha damu figo zinaposhindwa kazi, ile isiyohitaji mashine hata kidogo, haitajwi. Mimi ni muuguzi, nimehudumia wagonjwa wa figo kwa miaka kadhaa, na maswali haya nimeyapokea kutoka kwa wagonjwa, ndugu zao, na pengine wenzangu wa wodini. Majibu yanatazama zaidi Tanzania na Kenya. Hayachukui nafasi ya daktari wako.

Dayalisisi ya tumbo ni nini?

Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba unaofunika utumbo, ini na ukuta wa tumbo wenyewe. Umejaa vimishipa vya damu. Ukiweka kwenye uwazi ule maji maalumu yenye sukari na chumvi zilizopimwa, sumu zilizomo kwenye damu na maji yaliyozidi mwilini huvuka utando na kuingia humo. Baada ya saa nne hadi sita unayatoa, unaweka mengine. Damu haitoki mwilini hata tone.

Maji hupita kwenye mpira laini unaopandikizwa kwa upasuaji mdogo chini ya kitovu, ncha yake ikitokeza nje ya ngozi. Mtu mzima kwa kawaida hutumia lita mbili kila mara, mara nne kwa siku: alfajiri, mchana, jioni na kabla ya kulala. Mfuko wenye maji mapya unautundika kwenye msumari ukutani, mfuko mtupu unauweka sakafuni. Machafu yanashuka, mapya yanaingia. Inachukua kama nusu saa, kisha unafunga mpira, unavaa shati lako na kuendelea na shughuli. Ipo pia mashine ndogo ya kufanya kazi hiyo usiku umelala, ila hiyo inataka umeme usiokatika, kwa hiyo tuiache.

Ni kitu cha majaribio?

Hapana. Mjerumani Georg Ganter aliijaribu kwa binadamu mwaka 1923. Mpira tunaoutumia hadi leo unaitwa kwa jina la Henry Tenckhoff wa Seattle, aliyeueleza mwaka 1968. Mwaka 1976 Robert Popovich na Jack Moncrief wa Austin, Texas, wakaonyesha kwamba mgonjwa anaweza kukaa na maji tumboni huku akitembea na kufanya kazi zake, na muda si mrefu Dimitrios Oreopoulos kule Toronto akaweka maji kwenye mifuko ya plastiki badala ya chupa za kioo. Ina nusu karne. Duniani, kama mtu mmoja kati ya kumi wanaofanyiwa dayalisisi anatumia tumbo.

Mbona daktari wangu hakuwahi kunitajia?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira zaidi, na wenye kuuliza wana haki.

Sababu ya kwanza ni jinsi wagonjwa wetu wanavyofika. Presha au sukari imeharibu figo kimyakimya kwa miaka, mtu anadhani ni uchovu au vidonda vya tumbo, amezunguka kwenye maduka ya dawa na kwa waganga. Anapofika hospitali anahema, amevimba, anatapika, fahamu zinampotea. Pale hakuna nafasi ya kukaa mezani na kulinganisha njia mbili. Anawekewa mpira shingoni, anaunganishwa kwenye mashine usiku uleule. Akizinduka wiki ijayo, ameshakuwa mgonjwa wa mashine, ana ratiba yake, na hakuna anayerudi kumuuliza kama angependa njia nyingine.

Sababu ya pili tunaisema kwa sauti ya chini: sisi wenyewe hatuijui vizuri. Mabingwa wa figo ni wachache ukilinganisha na idadi ya watu, na wengi wamefunzwa kwenye vituo ambavyo mgonjwa wa tumbo hawakuwahi kumwona, au waliona mmoja wawili. Muuguzi anayejua kufunga chujio la mashine akiwa nusu usingizini anaweza asijue mfuko wa tumboni unaunganishwaje. Mtu hapendekezi asichokijua. Na pasipo wagonjwa, hakuna pa kujifunzia.

Ya tatu: daktari anajua, angependa kukutajia, lakini ameangalia stoo. Mifuko haipo. Amenyamaza ili asikutamanishe kitu asichoweza kukupa. Mimi nimewahi kunyamaza hivyo, na sijivunii.

Basi kikwazo kikubwa hasa ni kipi?

Watu hutaja umaskini wa mgonjwa, uchafu wa nyumba, ujinga wa vijijini. Mimi nasema ni mifuko. Piga hesabu nami.

Mabadilisho manne kwa siku ni mifuko minne ya lita mbili. Kwa mwezi ni mifuko 120, lita 240, na uzito wake unazidi kilo 240 ukihesabu plastiki na makatoni. Ni kama magunia mawili na nusu ya mahindi. Kila mwezi, kwa mgonjwa mmoja. Sasa mzigo huo umetoka kiwandani ng'ambo, umevuka bahari kwenye kontena, umekaa bandarini ukisubiri makaratasi, umeingia ghala, umepakiwa kwenye lori hadi mkoani. Kutoka hospitali ya mkoa hadi nyumbani kwa mgonjwa, mara nyingi hakuna mpango wowote. Ndugu anaambiwa "njoo uchukue". Anakuja na bodaboda, anafunga makatoni manne kwa mpira, anarudi kesho kwa mengine manne. Masika yakikata barabara, hesabu yote imeharibika.

Mgonjwa wa mashine akikosa kipindi kimoja anaumia. Mgonjwa wa tumbo asipokuwa na mifuko hana tiba kabisa, kila siku, hadi mifuko ije. Ndiyo maana kituo kinachoanzisha huduma hii bila uhakika wa mzigo hufanya vibaya kuliko kisichoianzisha. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa anajibadilishia maji vizuri kuliko mimi niliyemfundisha. Hospitali niliyokuwa nayo wakati huo iliishiwa mifuko. Akaanza kupunguza: badala ya minne kwa siku, mitatu, kisha miwili, ili iliyobaki ifike mwisho wa mwezi. Hakutuambia. Tulimwona aliporudi amevimba uso. Tulimhamishia kwenye mashine, na tangu hapo kila mgonjwa mpya aliyesikia habari yake alisema njia ya tumbo haifai. Tumbo lilikuwa linafanya kazi sawasawa.

Wala si sisi peke yetu tunaotetereka. Septemba 2024 kimbunga Helene kilipoleta mafuriko kwenye kiwanda kimoja cha kampuni ya Baxter huko North Carolina, Marekani yenyewe iliingia katika uhaba wa maji ya dripu na ya dayalisisi ya tumbo, wagonjwa wapya wakazuiwa kuanza katika baadhi ya vituo. Viwanda vya maji haya duniani ni vichache. Kikikohoa kimoja, wanaosikia mwishoni kwenye foleni ndio sisi.

Ni maji, chumvi na sukari tu. Kwa nini yawe ghali?

Kwa sababu unasafirisha maji. Dawa ya mwezi mzima ya presha inaingia mfukoni mwa shati. Hii inataka gari. Na maji yenyewe lazima yawe safi kiasi cha kuingia ndani ya mwili bila kuleta homa, yafungwe kwenye mfuko usio na upenyo, pamoja na mirija ya kuunganishia ambayo mkono wa mtu haukuugusa ndani.

Kisha kuna udogo wa soko. Kampuni ikitaka kuuza Tanzania inasajili bidhaa TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa na vifaa tiba. Nchini Kenya inakwenda kwenye bodi ya dawa na sumu. Inalipa, inapeleka sampuli, inasubiri. Kwa wagonjwa wachache, kampuni nyingi hazioni sababu ya kujisumbua, kwa hiyo anabaki msambazaji mmoja au hakuna. Akiwa mmoja, bei ni yake. Bei ikiwa yake, wagonjwa hawaongezeki. Bohari ya Dawa nayo haiagizi kontena la bidhaa ambayo hospitali mbili tatu ndizo zinaiomba, tena kwa kubahatisha, maana yakipita muda wa matumizi ni hasara na mkaguzi atauliza.

Jambo moja linanikera hapa. Maji ya dayalisisi ya tumbo yamo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, yana sehemu yake kabisa. Yanastahili kushughulikiwa kama dawa muhimu, si kama kifaa cha anasa kinachoagizwa anapojitokeza mwenye uwezo.

Hayawezi kutengenezwa hapahapa?

Kiufundi, ndiyo. Nchi inayoweza kutengeneza dripu safi iko karibu kabisa na kutengeneza haya. Afrika Kusini inayatengeneza. Mexico, ambako kwa miaka mingi njia ya tumbo ilitumika kwa wingi kuliko karibu nchi yoyote, ina viwanda vyake. Kinachokosekana ni uhakika wa mnunuzi: hakuna mwenye kiwanda atakayefunga mtambo kwa ajili ya wagonjwa hamsini. Soko la nchi zote za Afrika Mashariki likiunganishwa, mazungumzo yanabadilika.

Tahadhari. Hospitalini, katika dharura, madaktari wanaruhusiwa na miongozo ya kimataifa kutengeneza maji ya muda kwa kuongeza sukari ya glukosi kwenye dripu ya chumvi iitwayo Ringer. Hiyo ni kazi ya hospitali, kwa siku chache, kwa mgonjwa aliyelazwa. Usijaribu nyumbani. Nimewahi kuulizwa kama maji ya kunywa ya chupa yanafaa. Hayafai, yatakuua.

Nchi nyingine zimewezaje?

Hong Kong iliamua mwaka 1985 kwamba mgonjwa wa hospitali za umma ataanza na tumbo, isipokuwa kuna sababu ya kitabibu. Hadi leo wengi wa wagonjwa wao wako huko. Lakini Hong Kong ni mji tajiri wenye barabara nzuri, kwa hiyo mtu wa Songea ana haki ya kusema haimhusu.

Thailand inatuhusu zaidi. Mwaka 2008, bima yao ya umma ilianza kulipia dayalisisi kwa kanuni ya tumbo kwanza. Walijua tatizo la magunia mawili na nusu, wakalipatia jibu la kawaida kabisa: posta. Shirika la posta la Thailand lilipewa kazi ya kupeleka makatoni hadi mlangoni kwa mgonjwa, hata vijijini. Serikali ikanunua kwa wingi, bei ikashuka. Februari 2022 waliwaruhusu wagonjwa kuchagua wenyewe, na wengi wakahamia mashine, jambo linaloonyesha kwamba kanuni ikilegezwa mvuto wa mashine ni mkubwa hata pale mifuko inapofika mlangoni. Sidhani ni vibaya mtu kuchagua. Ila kuchagua kunataka vyote viwili viwepo.

Karibu zaidi nasi, Sudan ilianza mpango wake mwaka 2005, serikali ikitoa mifuko bure. Ulikuwa mfano wa kuigwa katika Afrika hadi vita vya Aprili 2023 vilipovunja karibu kila kitu cha dayalisisi nchini humo, mashine na mifuko pamoja.

Bima inalipia?

Uliza bima yako kwa maandishi, maana mafao hubadilika. Ninachoweza kueleza ni namna malipo yalivyopangwa, na hapo ndipo kuna mtego.

Bima zetu zimezoea kulipa kwa kipindi. Kenya, NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, ililipa shilingi 9,500 kwa kila kipindi cha mashine, vipindi viwili kwa wiki. Ilipokuja SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake, kiwango kikapanda hadi 10,650. Kituo chenye mashine kumi kinajua kabisa kitaingiza kiasi gani mwezi huu. Mgonjwa wa tumbo hana kipindi. Yuko nyumbani kwake. Anachohitaji ni mzigo wa mwezi, mafunzo, na muuguzi wa kumpigia simu. Nani alipwe, hospitali au msambazaji? Kwa fomu ipi? Nimeona dai la bima likirudi kwa sababu tu karani hakuwa na msimbo wa kuliandika.

Hospitali nayo ina hesabu zake. Ikishanunua mashine, ikajenga chumba na mtambo wa kusafisha maji, kila kitanda kilicho wazi ni fedha inayopotea. Kumpeleka mgonjwa nyumbani na mifuko ni kumtoa mteja. Hakuna mtu mbaya hapa. Ni jinsi fedha inavyotiririka. Serikali ya Kenya ilipoanza mwaka 2015 mpango wa kukodi vifaa kwa ajili ya hospitali za kaunti, mashine za dayalisisi zilikuwa miongoni mwa vifaa hivyo. Ziliokoa watu wengi waliokuwa wakisafiri hadi Nairobi. Vilevile ziliamua kwa miaka mingi mbele kwamba dayalisisi maana yake ni mashine. Mashine inakatiwa utepe, inapigwa picha na waziri. Katoni la maji halipigwi picha.

Nyumba yetu ni ya udongo na maji tunachota kisimani. Si tutapata maambukizi?

Swali hili ndilo linalotumiwa kufunga mjadala, mara nyingi na watu wasiowahi kufika kwa huyo mgonjwa.

Unachohitaji ni kona moja ya chumba isiyopitwa na kuku, watoto wala upepo wakati wa kubadilisha. Funga mlango na dirisha, zima feni. Meza ndogo inayofutika. Msumari imara ukutani. Mwanga wa kutosha kuona unachokifanya. Taa ya sola inatosha. Sabuni, na maji yanayotiririka, hata kama ni ya kibuyu chirizi au ndoo yenye koki, kisha taulo safi lisilotumiwa na mtu mwingine. Barakoa. Na mahali pakavu pasipo jua pa kupanga makatoni juu ya ubao, panya wasiyafikie. Nyumba nyingi za udongo nilizoingia zina kona hiyo. Nimeingia pia nyumba za vigae ambazo hazina, kwa sababu kila chumba kina watu sita.

Maambukizi yenyewe yapo na ni hatari. Yanaingia mara nyingi pale mtu anapounganisha mfuko kwa haraka, mkono haukuoshwa, ncha ikagusa nguo. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni kwamba kituo kisizidi wastani wa tukio 0.4 kwa mgonjwa kwa mwaka, yaani kwa wastani tukio moja katika miaka miwili na nusu. Kufika hapo kunategemea zaidi mafunzo kuliko sakafu. Afrika Kusini, katika jimbo la Limpopo, wagonjwa wa vijijini wamekuwa wakihudumiwa kwa njia hii, na wengi wao hawaishi kwenye nyumba za kifahari.

Kisha linganisha na upande wa pili. Mgonjwa mwenye mpira shingoni anayepanda daladala mara tatu kwa wiki, ana kidonda wazi karibu na moyo. Na kipindi kimoja cha mashine kinahitaji kama lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa mtambo, pamoja na umeme usiokatika kwa saa nne. Tunauliza kama kijiji kina maji ya kutosha kuosha mikono, hatuulizi kama mji una maji ya kutosha kuendesha mashine.

Nitajuaje kwamba nimepata maambukizi?

Maji yanayotoka yanakuwa na ukungu. Yanapaswa kuwa ya manjano mepesi, angavu. Weka mfuko juu ya gazeti: usiposoma maandishi kupitia maji, ni dharura. Maumivu ya tumbo na homa huja pia, lakini usivisubiri. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na uende na huo mfuko. Antibiotiki huwekwa ndani ya maji ya tumbo lenyewe, na zikiwahiwa wengi hupona bila kutolewa mpira.

Hapa kuna kikwazo kingine ambacho hakisemwi sana: maabara. Kuotesha vijidudu ili kujua dawa ipi inafaa kunahitaji chupa za kuoteshea na mtu wa zamu. Hospitali nyingi za wilaya hazina, kwa hiyo wanatibu kwa kukisia.

Mume wangu anasema hawezi kulala na mtu mwenye bomba tumboni.

Dada, umeuliza wewe mmoja lakini wanauliza wengi kimoyomoyo. Mpira unalala juu ya ngozi, unafungwa kwa plasta au kwa mkanda wa kitambaa kiunoni, na tendo la ndoa linaruhusiwa kidonda kikishapona. Harufu haupati ukiusafisha. Wanawake wengi huona ni rahisi tumbo likiwa halina maji au lina machache. Mwite mume wako kliniki siku ya mafunzo. Nimeona wanaume waliokuja wamenuna wakaishia kuwa ndio wanaotundika mfuko.

Kuna na wasiwasi wa wazee, kwamba maji tumboni ni ishara ya mauti, kama ya wagonjwa wa ini. Usiwacheke. Waonyeshe mtu anayeishi nayo. Tatizo ni kwamba mahali pasipo wagonjwa wa tumbo, hakuna wa kumwonyesha.

Nani hafai?

Mwenye ngiri ambayo haijarekebishwa, aliyepasuliwa tumbo mara nyingi likashikana ndani, mwenye tundu la choo tumboni, na yule asiyeona au asiye na nguvu mikononi ambaye hana wa kumsaidia. Kujifungua kwa upasuaji mara moja au mbili peke yake hakukuondoi, daktari atapima.

Kwa mtoto je?

Kwa mtoto mdogo tumbo mara nyingi ndiyo njia bora, kwa sababu mishipa yake ni myembamba mno kwa mashine. Na hapa kuna habari njema. Figo za mtoto zikisimama ghafla kwa malaria kali, kuharisha au maambukizi, siku chache za dayalisisi ya tumbo zinaweza kumrudisha mzima bila kuihitaji tena maisha yake yote. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilionyesha kwamba hili linawezekana kaskazini mwa Tanzania, na vyama vya kimataifa vya madaktari wa figo vimesaidia kufundisha timu katika nchi kadhaa za Afrika kwa ajili hiyohiyo.

Kama ningeulizwa Tanzania ianzie wapi, ningesema hapa. Mzigo ni mdogo, mgonjwa yuko wodini, matokeo yanaonekana ndani ya wiki mbili. Wauguzi waliofundishwa kwa dharura za watoto ndio watakaofundisha wagonjwa wa kudumu kesho.

Naweza kufunga Ramadhani?

Maji yale yana sukari inayoingia mwilini, kwa hiyo wanazuoni wengi husema saumu haisimami. Muulize shekhe wako. Kwa upande wetu, usiruke badilisho hata moja kwa ajili ya futari au daku.

Chakula?

Kuna nafuu kuliko kwenye mashine, hasa kwenye ndizi na matunda, kwa sababu unasafishwa kila siku na potasiamu haipandi kwa kasi. Kwa wengine potasiamu hata hushuka chini ya kiwango. Ila maji yanatoka na protini, gramu 5 hadi 15 kwa siku, ni kama yai moja au mawili yanayomwagwa chooni kila siku. Yarudishe: mayai, samaki, kuku, kwa kiasi utakachopangiwa. Hiki nacho ni kikwazo kwa familia inayokula ugali na mchicha. Mwenye kisukari aangalie zaidi, sukari ya kwenye mfuko inahesabika.

Mifuko ya baridi niipashe moto kwa sufuria?

Hapana, maji ya nje hubeba vijidudu hadi kwenye maungio. Dar es Salaam na Tanga joto la chumba mara nyingi linatosha. Njombe au Limuru, uliza kituo chako wanachoshauri; joto liwe kavu.

Nimeamua kuiomba. Nianze kwa kuuliza nini?

Usianze na bei. Uliza kituo kina wagonjwa wangapi wa tumbo sasa hivi, na kama unaweza kuzungumza na mmoja. Uliza nani atapandikiza mpira na amepandikiza mingapi. Uliza mafunzo ni siku ngapi. Ukiambiwa asubuhi moja, kuwa na shaka, kwa kawaida ni wiki moja hadi mbili. Uliza namba ya simu ya usiku, na nani anaipokea. Uliza kama baada ya mpira kuwekwa utasubiri kama wiki mbili kidonda kishike, na kama huwezi kusubiri watakufanyia nini.

Kisha uliza mifuko ya miezi mitatu ijayo iko wapi. Usikubali kujibiwa "imeagizwa". Omba kwenda kuiona stoo, uhesabu makatoni mwenyewe.